Knives Out au Glass Onion: Ipi Tuiweke Ijumaa Usiku?

Shuka jeupe lilikuwa limeshatundikwa ukutani juu darini, linapepea kwa upepo wa kusi kama tanga lililoachiwa. Projekta ya kuazima imewekwa juu ya kreti la soda, na binamu yangu amesimama na flashi mkononi ananingojea mimi. "Wewe ndiye uliyeziona zote. Tuweke ya kwanza au ya pili?"

Filamu zenyewe ni Knives Out ya mwaka 2019 na Glass Onion ya 2022. Zote mbili zimeandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, na zote zina mpelelezi mmoja, Benoit Blanc, anayeigizwa na Daniel Craig, yule ambaye vijana wa hapa Lamu watamwita Bond mpaka kiama. Waliokaa mkekani usiku ule ni bibi yangu, ami yangu mkubwa, vijana sita na watoto wawili ambao walitakiwa wawe wamelala. Nikajibu upesi: ya kwanza. Wiki tatu baadaye tukaweka ya pili, dari lilelile na watu karibu walewale, mimi nikiwa mkalimani wa bibi usiku zote mbili. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwenye skrini na kwenye nyuso za watu, na hizo nyuso zimenibadilishia mawazo kidogo.

Kwanza niondoe wasiwasi mmoja. Watu wakisikia "sehemu ya pili" wanadhani lazima waanze mwanzo. Hapa si lazima. Waliokua na hadithi za Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar wanalijua jambo hili: mpelelezi Bwana Msa anarudi na kiko chake, mwenzake Najum yuko ubavuni, lakini maiti ni mpya, ukoo ni mpya, na wala huulizwi kuhusu kesi ya nyuma. Blanc ni vivyo hivyo. Hakuna mtu wa ile familia ya kwanza anayetia mguu kwenye filamu ya pili. Hata mwigizaji Noah Segan, ambaye yumo katika zote, ni watu wawili tofauti: kwanza ni askari anayevihusudu vitabu vya marehemu, kisha ni mzururaji tu wa kule kisiwani ambaye hakuna anayejua anafanya nini. Waliopanga tuzo za Oscar waliona vingine. Ya kwanza iliteuliwa kwenye kundi la hadithi asilia, ya pili ikatiwa kwenye kundi la hadithi zilizotokana na kazi nyingine, eti kwa kuwa mpelelezi alishakuwapo. Hakuna iliyoshinda.

Muuaji sitamtaja katika yoyote kati ya hizo mbili. Anayetaka kuchomewa picha aende kwingine.

Nyumba ya mzee na hesabu ya thuluthi

Knives Out inaanzia kwenye jumba la zamani huko Massachusetts, Marekani. Harlan Thrombey, mwandishi tajiri wa riwaya za mauaji, ametimiza miaka 85, na watoto, wakwe na wajukuu wamekuja kumsherehekea. Asubuhi mfanyakazi wa nyumba anapanda ngazi na kifungua kinywa, anamkuta mzee juu amekufa, koo limekatwa. Polisi wanaona kajiua mwenyewe. Lakini kuna mtu, hajulikani nani, aliyempelekea Blanc bahasha ya pesa taslimu ili aje achunguze.

Kisha wanaanza kuhojiwa mmoja mmoja. Kiti kimoja, na nyuma yake duara kubwa la visu, ncha zote zimeelekea katikati. Askari wanauliza maswali. Blanc amekaa kule nyuma kabisa kwenye kinanda, hasemi, ila mara kwa mara anabonyeza kitufe kimoja: ting! Watoto wetu waliudaka mchezo huo papo hapo. Mpaka leo mtu akisema uongo mezani kwetu, yuko atakayegonga glasi kwa kijiko.

Roho ya filamu ni Marta Cabrera, nesi wa mzee, anayeigizwa na Ana de Armas. Marta ana kasoro moja: akisema uongo anatapika. Si mfano, anatapika kwelikweli. Vijana walicheka. Bibi akasema, "Maskini, huyo hana pa kukimbilia," na nikaona ameshaielewa filamu nzima kabla haijafika robo.

Familia ile inampenda sana Marta, kwa maneno. Ni kama mtoto wao. Lakini kila anayeitaja nchi aliyotoka anataja yake: huyu Ecuador, yule Paraguay, mwingine Uruguay, mwingine Brazil. Nilikuwa natafsiri kila mara, nikidhani ni kichekesho kidogo cha kupita. Bibi akanishika mkono nisimame. "Wamesema ni kama mwana wao. Mbona hawayui kwao ni wapi?" Nilinyamaza. Nyumbani kwetu wamepita wasichana watatu wa kusaidia kazi tangu nilipokuwa mdogo, na yule wa pili mpaka leo siwezi kuapa kama kwao ni Garsen au Hola.

Halafu unasomwa wasia. Mzee amemwachia Marta kila kitu: nyumba, pesa, haki za vitabu, vyote. Hapo darini kwetu pakachafuka.

"Haiwezekani!" ami akasema, na akaamuru filamu isimamishwe. Ami si kadhi wala si wakili, lakini amehudhuria mirathi ya jamaa wengi kiasi kwamba anajua hesabu zake bila karatasi. Akaanza kuhesabu kwa vidole: yatolewe mazishi, yatolewe madeni, kisha wasia, na wasia hauzidi thuluthi, na thuluthi hiyo haiendi kwa mrithi. Marta si mrithi, basi anaweza kupewa, lakini mwisho wake theluthi moja tu. Mbili zilizobaki zinarudi kwa wenyewe, kila mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. "Na yule mama mzee?" akauliza mmoja, kwa sababu mama yake Harlan bado yu hai, amekaa dirishani na shali yake, wala hakuna aliyemuuliza lolote. Ami akafurahi kweli. "Mama ana sudusi yake, fungu moja katika sita! Hakuna wa kumwondoa!" Kijana mmoja akajaribu kusema kwamba hao ni Wamarekani, kule mtu anaweza kumnyima mwanawe mtu mzima hata senti. Ami akamtazama kama mtu aliyesema kule bahari haina chumvi.

Lakini kuna jambo moja ambalo sheria ya kule na ya huku zimekubaliana, na filamu yenyewe inalitaja waziwazi: muuaji hamrithi aliyemuua. Ukishalijua hilo, kila tukio linalofuata lina uzito maradufu, maana swali la nani kaua limegeuka kuwa pia swali la nyumba itakuwa ya nani. Ami alilikubali kwa kutikisa kichwa, taratibu, kama hakimu aliyeridhika na ushahidi. Tulikuwa tumesimamisha picha dakika kumi na tano nzima. Hakuna aliyelalamika.

Kuna kitu kingine Johnson alichokifanya ambacho mimi nakihesabu kuwa ndio ujanja wake mkubwa. Kabla filamu haijafika nusu, anakuonyesha usiku wa kifo, Marta yuko chumbani na mzee, kuna mkoba wa dawa na chupa mbili ndogo. Unaona kwa macho yako mwenyewe. Unadhani umepewa jibu. Kuanzia hapo hukai ukiuliza muuaji ni nani; unakaa na roho juu ukiomba binti wa watu asishikwe, hali mpelelezi ni mwema na wewe unampenda pia. Na kila kitu kidogo kinakuwa hatari: tope kwenye kiatu, mbwa anayemfahamu mtu, ngazi za mbao ambazo kila ukikanyaga kipandio zinalia mpaka nyumba nzima inajua nani amepanda saa ngapi. (Ngazi zetu ni za mawe, hazitoi siri. Ila milango ya nyumba za huku ya msaji nayo ina midomo, uliza yeyote aliyewahi kurudi usiku amechelewa.)

Ingekuwa ni filamu hii peke yake, ningemaliza hapa na kusema itazameni.

Kisiwa cha tajiri

Glass Onion inatoka gizani na kwenda juani. Ni Mei 2020, watu wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona. Miles Bron, bilionea wa mambo ya teknolojia anayeigizwa na Edward Norton, anawapelekea rafiki zake wa zamani masanduku ya mbao yaliyojaa mafumbo. Ukifumbua fumbo hili linafunguka jingine, mpaka unafikia kadi ya mwaliko: njooni kisiwani kwangu Ugiriki, tucheze mchezo wa kumtafuta aliyeniua mimi. Wanne wanapigiana simu na kuhangaika na masanduku yao kwa pamoja. Mwenzao wa tano, Andi, anayeigizwa na Janelle Monáe, amesimama peke yake na sanduku lake. Analitazama. Anachukua nyundo. Darini kwetu palipigwa makofi.

Gatini wanapokutana tena, Johnson anatumia barakoa kuwatambulisha watu, na ni kazi nzuri kweli. Birdie, mwanamitindo anayeigizwa na Kate Hudson, amevaa barakoa ya nyavu. Nyavu! Inameremeta, na matundu yake unaweza kupitisha dagaa. Kwa kitu kimoja hicho umeshajua mtu huyu atasema nini saa mbili zijazo.

Watu wa hapa wana uhusiano wao na visiwa vya matajiri. Kutoka darini kwetu, ukitazama upande wa Shela usiku, kuna nyumba ambazo taa zake zinawaka wiki mbili kwa mwaka. Kwa hiyo Miles hakuhitaji kutafsiriwa. Alipoonyesha gati lake la vioo, ambalo chombo hakiwezi kufunga kila saa itakayo, mmoja wa vijana wetu ambaye kazi yake ni kuvusha abiria wa Mokowe aliinuka kabisa. "Amejenga gati bila kuuliza maji?" Ndiyo, na ndiyo maana hakuna wa kutoka kisiwani usiku ule. Kwenye filamu hicho ni kichekesho kidogo. Kwetu kilikuwa ndicho kipimo cha mtu: hilo la gati lilitosha, hakuna tena aliyemwamini Miles kwa lolote.

Mengine yalipita juu ya vichwa. Filamu hii imejaa watu maarufu wanaotokea kwa dakika moja: Yo-Yo Ma anaeleza muziki kwenye sherehe, Serena Williams yumo kwenye skrini ukutani, na Blanc akiwa bafuni kwake anacheza mchezo wa Among Us kwa kompyuta na akina mwigizaji Angela Lansbury na mtunzi wa muziki Stephen Sondheim, ambao wote wawili walikuwa wameshafariki filamu ilipowafikia watu. Vijana walishangilia Among Us kwa kuwa wanaucheza. Serena walimtambua. Hao wengine ilibidi niwataje, na kichekesho kikishaelezwa ni kama chai iliyorudishwa motoni. Picha ya Mona Lisa waliijua wote, ati. Ukumbini kwa Miles imewekewa kioo cha ulinzi kinachojifunga kwa kishindo kila panapotokea kelele, na simu za watu zinaita, nacho kinafunga, tap! Bibi alichukia kioo kile.

Kazi ya ukalimani ndipo iliponishinda. Miles hupenda maneno makubwa, na mengine hayapo katika Kiingereza cha mtu yeyote. Ukiyatafsiri sawasawa unamfanya msomi, na si hivyo alivyo. Nikalazimika kubuni: "Hili ni jambo lenye utambulikivu." Ami akageuka. "Hakuna neno kama hilo." Nikasema tena jingine. "Na hilo halipo. Wewe Kiswahili chako kimeharibika huko Nairobi?" Nilitamani kumwambia kwamba kosa si langu, kwamba ameshika kitu ambacho wageni wote wa kisiwani wamekisikia wakanyamaza kwa sababu ya pesa za mwenye nyumba. Lakini ningesema hivyo ningekuwa nimetoboa mengi. Nikameza fedheha yangu.

Stima ilipokatika

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ulinganisho wangu ulipo hasa.

Katikati ya Glass Onion, karibu kabisa na pale ambapo hadithi inageuka, stima ilikatika. Mtaa mzima. Tulikaa gizani kama dakika arobaini. Nikasema vizuri, sasa watabishana kama siku ile ya wasia. Walibishana kwa dakika tano. Nani anamchukia Miles zaidi, yule gavana au yule mwanasayansi? Mmoja akasema yule jamaa wa misuli, Duke, anayetembea na bastola hata akiwa na chupi ya kuogelea. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye mechi ya Jumapili, kisha kwenye mtu aliyenunua boti na bado hajamaliza kulipa, kisha watoto wakalala. Hakuna aliyekuwa akimwonea huruma mtu yeyote wa kwenye filamu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi.

Nusu ya kwanza ya filamu hii ndivyo ilivyo. Inachekesha, inang'aa, ina maneno makali. Lakini watu wake wote wanaonekana wanastahili kinachowajia. Marta hayupo. Ukiulizwa pale katikati "unamwombea nani?", huna jibu.

Stima iliporudi waliobaki walikuwa saba. Na filamu nayo ikarudi: inarudi nyuma kabisa, inaanza upya kutoka mahali pengine, na unaonyeshwa yaleyale uliyoyaona, safari hii ukiwa umesimama upande wa pili wa mlango. Ghafla kuna mtu wa kumwombea. Sitasema nani wala kwa nini. Dari lilinyamaza. Bibi, ambaye nilidhani kasinzia, akauliza, "Kumbe alikuwa na maana ile aliposema vile?" Na ndiyo, alikuwa na maana ile.

Wiki iliyofuata nikaitazama tena peke yangu, na hapo ndipo nilipoanza kuisikitikia hukumu yangu ya awali. Ukishajua siri, nusu ile ya kwanza iliyoonekana baridi inakuwa filamu nyingine kabisa. Mtazame Janelle Monáe gatini. Mtazame anavyomjibu kila mmoja, na muda anaochukua kabla ya kujibu. Yale niliyoyaona ni majivuno mara ya kwanza, mara ya pili ni woga. Na mtu akikabidhiwa glasi, usizungumze na jirani, tazama mikono. Johnson hakuficha kitu, alitegemea tu kwamba wewe utakuwa unatazama mahali pengine.

Knives Out haina faida hiyo kwa kiasi hicho. Kurudia kwake kuna raha, dalili zote ziko mezani tangu mwanzo, na bibi mzee wa dirishani ana maneno mawili ambayo ningetamani kila mtu ayasikie tena. Lakini kilichokuwa kinakushika koo mara ya kwanza ni hofu kwa ajili ya Marta, na hofu haiji mara mbili kwa kesi moja. Kwa anayeziona kwa mara ya kwanza, basi, ya kwanza inaishinda ya pili, na wala si kwa mbali sana. Kwa aliyekwisha kuziona zote na ana usiku mmoja wa kurudia, mimi ningemwambia achukue Glass Onion. Binamu yangu hakubaliani nami hata kidogo, anasema mtu hawezi kuandaliwa karamu ambayo lazima uile mara mbili ndipo upate ladha. Ana haki yake.

Mambo ya darini

Blanc mwenyewe amebadilika kati ya filamu hizi mbili. Katika ya kwanza yuko pembeni, lafudhi yake ya kusini mwa Marekani imevutwa kama nahodha anayeigiza Kiunguja ili kuwachekesha abiria, na huna hakika kama ni mwerevu au ni mtu wa maneno tu. Hotuba yake kuhusu tundu la donati, na tundu lililo ndani ya tundu, niliitafsiri kwa kutumia kitumbua ikanishinda kwa kuwa kitumbua hakina tundu. Katika ya pili ndiye stelingi tangu mwanzo, ana suti za mistari, anaingia bwawani amejifunga kitambaa shingoni. Mimi nampenda zaidi yule wa kwanza, wa pembeni na kinanda.

Urefu haupishani sana, dakika 130 na dakika 139. Mkianza baada ya Isha mtamaliza kabla watu hawajaanza kutafuta viatu, mradi ami yenu hasimamishi.

Mwanga ni jambo ambalo wahakiki hawaliandiki kwa kuwa wao hawatazami kwenye shuka. Knives Out ni ya mbao nyeusi, taa za njano na majani ya vuli. Mwezi ukiwa mpevu, au jirani akiwa na taa kali, nusu yake hamtaiona. Glass Onion ni bahari na jua na nguo za rangi, inapendeza hata kwenye ukuta wenye madoa, ingawa mwishoni nayo inaingia gizani. Sauti vivyo hivyo: ya kwanza ni ya kunong'onezana, inataka spika nzuri na punda wa jirani wawe wamelala.

Kuhusu adabu, ya kwanza ina matusi, hasa kwa Ransom, mjukuu mharibifu anayeigizwa na Chris Evans, ambaye anawapitia jamaa zake mmoja mmoja na kumpa kila mtu tusi lilelile. Nilimwambia bibi "anawaombea mabaya", tukaendelea. (Vijana hawakusikia tusi, walikuwa wanaulizana sweta lake jeupe la sufu lingeuzwa bei gani, kana kwamba Lamu kuna siku ya kuvaa sweta.) Ya pili ina bikini nyingi na mambo mawili matatu ya kumfanya mtu ajifanye anarekebisha projekta. Kama darini kuna wakwe, fikirieni.

Na msizipeleke kwenye banda la video mkitarajia watu wakae. Zote ni filamu za maneno. Mteja aliyezoea picha zenye sauti ya DJ Afro, ngumi juu ya ngumi na mzaha juu ya mzaha, atataka pesa yake irudi dakika ya ishirini. Ikibidi, ya pili ina vishindo zaidi, hasa vioo.

Biashara yake nitaitaja kwa ufupi, maana inaeleza kidogo tofauti iliyopo. Knives Out ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 40 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 310 kwenye majumba ya sinema. Netflix wakainunua haki ya kutengeneza mbili nyingine, kwa pesa zilizoripotiwa kupita dola milioni 400, na Glass Onion ikakaa kwenye baadhi ya majumba wiki moja tu mwezi Novemba 2022 kabla ya kuingia majumbani mwa watu tarehe 23 Desemba. Ukiitazama unaziona pesa: kisiwa, kuba la vioo, watu maarufu. Ile ya kwanza ina nyumba moja na watu waliobanwa ndani yake. Mimi ni mtu wa nyumba moja.

Kwa hiyo mgeni akija kwangu leo akiuliza, kwanza namuuliza nani atakaa naye. Akiwa na wazee, au na jamaa ambao wamewahi kugombania shamba, kiwanja au hata sanduku la bibi harusi la marehemu shangazi, Knives Out, na aandae muda wa kusimamisha. Akiwa na rafiki zake wa rika moja, wenye haraka ya kucheka na bando la kutosha, Glass Onion, ila wavumilie mpaka katikati. Akiwa na usiku mbili, aanze na ya kwanza. Hakuna hadithi itakayoharibika akigeuza, lakini ukishazoea vioo vya Miles, zile mbao za Harlan zitaonekana za polepole mno.

Mwaka 2025 imetoka ya tatu, Wake Up Dead Man, Blanc yuleyule, safari hii kanisani na kasisi kijana. Sijaiona bado. Binamu ameshasafisha nafasi kwenye flashi na ameshamwambia bibi, na bibi ameuliza jambo moja tu kabla ya kukubali kupandishwa tena ngazi zile: "Ina mirathi?"